Mvua Iliyojificha Aya ya Sita

Kila asubuhi Bwana Mawingu alikuwa na kazi moja, na hakuna aliyemtuma. Alichukua kikombe cha chai, akapanda ngazi ya nje hadi juu ya paa la saruji, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama juu.

Bwana Mawingu si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na majirani. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa. Alipima mvua, alipima upepo, aliandika rangi ya anga kwenye daftari. Alipostaafu, alirudisha vipimo vyote vya kituo. Macho aliondoka nayo.

Asubuhi mji ulikuwa kimya. Chini yake kulikuwa na matanki ya maji, nyaya za umeme na nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Juu yake mawingu yalipita polepole. Mengine yalikuwa kama pamba iliyochambuliwa. Mengine yalipangana kama magamba ya samaki. Bwana Mawingu alilipokea kila moja kama mgeni aliyesafiri mbali kuja kumwona yeye. Mara nyingi chai ilipoa mkononi mwake bila yeye kujua.

Chini, mke wake alikuwa akishona mapazia. Sauti ya cherehani ilipanda hadi juu. Trrr. Kimya. Trrr.

"Mzee wangu, shuka!" mke wake aliita. "Mawingu yatakuwepo hata kesho. Huu mkate hautakuwepo!"

Akishuka, alikula haraka, kisha akakaa mbele ya kompyuta ndogo karibu na dirisha. Hapo alianza kuandika.

Binti yao anayeishi mbali ndiye aliyemfungulia blogu. Blogu ni kama daftari lililoachwa wazi kwenye mtandao. Mtu yeyote anaweza kulisoma. Blogu ya Bwana Mawingu iliitwa "Mawingu ya Leo". Watu mia moja na sitini walijiandikisha kuifuatilia. Kila alipoandika, makala yake ilitokea kwenye simu zao.

Kila makala ilikuwa na kichwa kilekile: "Mawingu ya Leo". Na kila makala ilianza kwa salamu. Bwana Mawingu alilelewa vizuri. Kwake, kuanza kusema jambo kabla ya kusalimia ni kuingia nyumba ya watu bila hodi. Kwa hiyo aliwasalimia wasomaji, akawaulizia watoto wao, akaeleza alivyoamka, akasimulia rangi ya mapambazuko. Mambo ya mvua na upepo yalikuja baadaye. Aliandika kwa upole, kama mtu anayeota ndoto akiwa macho.

"Unaandika vizuri," mke wake alimwambia mara nyingi. "Nikisoma nasinzia."

"Hiyo ni sifa au ni lawama?"

"Nikisinzia vizuri ni sifa."

*

Siku moja, siku ya Alhamisi, anga lilikuwa la ajabu. Upande wa mlimani mawingu yalisimama marefu tangu asubuhi. Hewa ilikuwa nzito. Redio ilitangaza utabiri wa kituo: mvua kubwa alasiri, pamoja na upepo. Bwana Mawingu alitazama, akaitikia kwa kichwa. Kituo kilikuwa sahihi. Aliyaona mwenyewe.

Alikaa akaandika kwa saa nzima. Alisalimia. Alieleza jinsi mwanga ulivyopita kati ya mawingu mawili kama mtu anayechungulia mlangoni. Alikumbuka wingu moja aliloliona akiwa kijana. Katika aya ya sita, karibu na mwisho, aliandika hivi: "Nadhani leo saa tisa alasiri wenzetu wa upande wa mlimani watapata mvua kubwa. Ni vizuri wafunike vitu vyao."

Aliweka na picha. Kisha akabonyeza kitufe cha kutuma, akajinyoosha kwenye kochi, akalala usingizi mtamu.

Saa tisa mvua ilikuja. Ilianzia mlimani, ikashuka. Ilipiga mabati ya majirani kwa nguvu hadi mke wake akasimamisha cherehani. Upepo uliinua mapazia yaliyokuwa yamekamilika, yakapepea chumbani kama watu wanaocheza muziki. Bwana Mawingu aliamka, akasimama dirishani. Alitabasamu.

"Saa tisa kamili," alisema. "Niliandika."

Saa kumi na moja mvua iliacha. Kabla giza halijaingia, mlango uligongwa.

Alikuwa mdogo wa mke wake, shemeji yake. Huyu shemeji alikuwa mfyatuaji wa matofali upande wa mlimani. Kila siku alikanda udongo, akaujaza kwenye kibao cha kufyatulia, akatoa matofali mabichi, akayaanika juani kabla ya kuyachoma kwenye tanuri. Alikuwa mwanamke wa vicheko vingi. Leo hakucheka. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Karibu ndani, mdogo wangu," dada yake alisema. "Mbona umesimama?"

"Nitachafua sakafu, dada."

"Sakafu inafutika. Ingia. Kuna nini?"

Shemeji aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alitazama mikono yake.

"Matofali yamekwisha," alisema.

"Umeuza yote?"

"Yameyeyuka. Yote yaliyokuwa nje. Elfu mbili na mia nane. Nimekuta uwanja mzima ni uji wa udongo. Hata pale tofali moja lilipoanzia na jingine lilipoishia huwezi kujua."

Dada yake alishika tama. Yeye alijua matofali yale. Hayakuwa ya wateja. Kwa miaka kumi na minne mdogo wake alifyatua matofali ya nyumba za watu wengine. Shule moja, maduka, nyumba za walimu, ukuta wa hospitali. Jioni alirudi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa akifyatua ya kwake mwenyewe. Vyumba viwili na baraza.

"Lakini shemeji," Bwana Mawingu alisema kwa sauti ndogo, "niliandika. Asubuhi. Niliandika saa tisa, upande wa mlimani. Niliandika kabisa."

Shemeji aliinua uso. Macho yalimtoka.

"Uliandika wapi?"

"Kwenye blogu! Si unaifuatilia?"

Shemeji alifuta mkono kwenye nguo, akatoa simu. Alitafuta kidogo, kisha akampa.

"Hii hapa. Hiki ndicho ninachoona mimi, shemeji. Nionyeshe mvua iko wapi."

Bwana Mawingu alivaa miwani. Kwenye simu kulikuwa na orodha ndefu ya mistari. Kila mstari ni makala ya mtu fulani. Katikati ya orodha aliona yake. Ilikuwa imeandikwa hivi:

*Mawingu ya Leo. Habari za asubuhi wapenzi wasomaji wangu, natumaini mmeamka salama ninyi na watoto wenu, mimi pia nimeamka salama...*

Hapo maneno yalikatwa.

"Na hii ni ya jana," shemeji alisema, akitelezesha kidole. "Na hii ya juzi."

*Mawingu ya Leo. Habari za asubuhi wapenzi wasomaji wangu, natumaini...*

*Mawingu ya Leo. Habari za asubuhi wapenzi wasomaji wangu...*

"Leo asubuhi niliiona," shemeji aliendelea. "Nilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Nikajiambia, shemeji anatusalimia kama kawaida, nitasoma jioni nikipumzika. Sasa ndiyo jioni."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Bwana Mawingu. Angefokewa, angepata pa kujitetea.

*

Siku tatu hakuandika. Alipanda juu ya paa kama kawaida, lakini alikaa akitazama chini. Mawingu yalipita, hakuyapokea. Mke wake alisikia ukimya ule kutoka kwenye cherehani yake. Siku ya nne, asubuhi, alimwona jirani yao akija kuchukua mapazia. Alimshika mkono pale pale mlangoni.

Jirani huyu alikuwa mkutubi katika maktaba ya mji. Kazi yake ilikuwa kupanga vitabu na kuwasaidia watu kupata wanachokitafuta. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeongea kama kwamba muda wote kuna mtu anasoma karibu yake.

"Mapazia yako tayari," mke alimwambia. "Lakini kwanza panda juu ukaongee na mzee. Amenyamaza hadi nyumba inanipigia kelele."

Mkutubi alipanda ngazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Kiti ni kimoja, lakini ndoo ile ukiigeuza ni kiti."

Mkutubi aliigeuza ndoo, akakaa. Magoti yake yalifika karibu na kidevu.

"Nasikia umegoma kuandika."

"Sijagoma. Nimenyamaza."

"Tofauti yake nini?"

"Anayegoma anadai kitu. Mimi sidai kitu. Mimi nimeandika mwaka mzima na nusu, na siku yenye haja nimeandika bure. Bora ninyamaze."

Mkutubi alitoa simu yake.

"Mzee, mimi nafuatilia blogu ishirini na sita. Ya kwako ni mojawapo. Unadhani kila asubuhi nazifungua zote?"

"Huzifungui?"

"Nasimama nangoja basi, natelezesha kidole. Hii ndiyo, hii siyo, hii baadaye. Orodha hii inaitwa mlisho. Makala yako haiji nzima. Kinachokuja ni kichwa na maneno machache ya mwanzo. Watu wengi wanakutana na wewe hapa tu. Kwenye mstari huu. Sekunde tatu."

"Sekunde tatu!" Bwana Mawingu alishangaa. "Mimi huandika saa nzima."

"Ndiyo maana nimekuja. Twende chini kwenye kompyuta."

Walishuka. Mkutubi aliomba kipande cha karatasi ya kukatia mapazia. Alifungua mlisho wa blogu ya mzee, akafunika kioo chote isipokuwa mstari mmoja, ule wa Alhamisi.

"Mama, tafadhali soma hapa. Leo kutatokea nini?"

Mke aliinama akasoma. *Mawingu ya Leo. Habari za asubuhi wapenzi wasomaji wangu...*

"Sijui kutatokea nini," alisema. "Ila huyu mwandishi ana adabu sana."

Wote watatu walicheka. Bwana Mawingu alicheka wa mwisho, kidogo, kama mtu anayejaribu kama mdomo bado unafunguka.

"Lakini nikisema yote kwenye kichwa," aliuliza, "nani atafungua makala? Nitakuwa nimemaliza hadithi mlangoni."

"Mzee, naomba nikuulize. Unataka wafungue, au unataka wajue?"

Bwana Mawingu aligeuka. Alitazama dirishani. Wingu moja dogo lilikuwa likipita peke yake, bila haraka.

"Siku ile," alisema mwishowe, "nilitaka ajue."

"Basi tuandike upya makala ya Alhamisi. Kama zoezi. Kichwa kitakuwa nini?"

Bwana Mawingu alifikiri. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: JIHADHARINI! HUTAAMINI KINACHOSHUKA KUTOKA MLIMANI!

Mke wake alichungulia juu ya bega lake. "Ni mvua au ni simba?"

"Hicho kitafunguliwa," Mkutubi alisema. "Lakini msomaji bado hajui kitu. Umemtisha tu. Akifungua akakuta manyunyu, kesho hatakuamini hata ukimwambia nyumba inaungua. Usimtie hofu na usimfiche. Mwambie. Ni nini kinakuja?"

"Mvua kubwa na upepo."

"Wapi?"

"Upande wa mlimani."

"Lini?"

"Saa tisa alasiri."

"Kichwa hicho hapo. Umekisema mwenyewe."

Bwana Mawingu alifuta, akaandika tena: "Leo saa tisa alasiri: mvua kubwa na upepo upande wa mlimani".

"Vizuri. Sasa ona hapa." Mkutubi alionyesha kisanduku kidogo chini ya mahali pa kuandikia. Juu yake palikuwa na neno Muhtasari. Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Hicho?" Bwana Mawingu alisema. "Nilidhani ni cha wataalamu."

"Ni chako. Hapa unaandika maneno yatakayotokea kwenye mlisho chini ya kichwa. Ukikiacha kitupu, mashine inachukua maneno ya mwanzo tu na kukata. Mashine haijui kwamba mvua iko aya ya sita."

"Niandike nini?"

"Fikiria mtu ambaye hatafungua. Ana sentensi mbili au tatu tu. Inamhusu nani? Afanye nini? Afanye kabla ya saa ngapi? Na wewe umejuaje? Kama huna uhakika, sema huna uhakika. Hiyo nayo ni habari."

Bwana Mawingu aliandika taratibu, akisema kila neno kwa sauti. "Kituo cha hali ya hewa kimetabiri mvua kubwa, na mawingu niliyoyaona asubuhi yanakubaliana nacho. Wenye matofali mabichi, nafaka au nguo nje wafunike kabla ya saa nane. Upande wa bondeni huenda mvua ikawa ndogo, sina hakika."

Mke wake alikuwa ameacha kushona. Alisoma kutoka juu hadi chini, kisha akasoma tena.

"Hiyo ndiyo ingekuwa Alhamisi," alisema taratibu.

Bwana Mawingu naye aliisoma tena hadi mwisho.

Kisha akakohoa. "Na salamu zangu? Nisiwasalimie watu tena?"

"Wasalimie. Ndani ya makala ni kwako. Salimia, simulia, ota ndoto. Mimi mwenyewe hupenda kuzisoma Jumapili. Ila siku nyingine unaandika tahadhari, na siku nyingine unaandika ndoto, na zote zinaitwa Mawingu ya Leo. Mtu atajuaje? Zipe lebo. Moja iitwe Tahadhari. Nyingine iite unavyotaka."

"Tafakari."

"Tafakari. Nayo pia ipe kichwa chake. Ile uliyoeleza kwa nini mawingu ya asubuhi huwa na rangi ya waridi, nimeitafuta mwezi mzima. Ningeipataje? Zote zina jina moja, kama mapacha mia tano."

Bwana Mawingu alijikuna kichwa. "Sasa hizo mia tano nizibadilishe zote?"

"Anza na ya kesho."

Mkutubi alisimama aondoke, kisha akakumbuka jambo. "Na picha zako, mzee. Unaziitaje?"

"Siziiti. Ni picha."

"Simu yako inaziita kwa namba. Pale maktaba tuna wasomaji wasioona. Simu zao huwasomea kwa sauti. Wakifika kwenye picha yako ya Alhamisi, wanasikia hivi: picha, elfu mbili mia mbili na saba. Basi."

Bwana Mawingu alivua miwani. Mwaka mzima na nusu alikuwa amewapa watu mawingu, kumbe wengine alikuwa akiwapa namba.

"Kuna pahala pa kuandika maelezo ya picha," Mkutubi alisema. "Andika kinachoonekana. Wewe hilo hutashindwa."

*

Kesho yake alipanda juu ya paa, na safari hii alitazama juu. Kulikuwa na wingu moja refu juu ya mlima, peke yake, lisilo na dalili ya mvua. Alilipiga picha. Aliposhuka, aliandika kichwa kwanza: "Leo hakuna mvua, jua kali kuanzia saa nne". Akajaza muhtasari. Kisha akafika kwenye maelezo ya picha, akakaa hapo muda mrefu kuliko makala yote.

Aliandika hivi: "Wingu moja refu limesimama juu ya mlima. Chini ni bapa na zito, kama sufuria iliyokaa motoni. Juu limefumuka, jeupe na laini, kama povu la sabuni linapopanda kwenye beseni. Kingo zake zinabadilika ukizitazama."

Siku mbili baadaye alipata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Alimwita mke wake, akamsomea kwa sauti.

"Mimi ni mpokea simu katika ofisi moja. Sioni tangu utotoni. Nimekufuatilia mwaka mzima kwa sababu sauti ya maneno yako inanipumzisha. Lakini hii ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kwamba wingu lina kingo. Jana nilijaza beseni, nikapiga povu, nikatia mikono yangu taratibu. Niliushika mlima na wingu lake. Asante."

Mke wake alirudi kwenye cherehani, lakini hakushona. Alikaa tu, mkono juu ya kitambaa, macho dirishani.

Wiki zikapita. Kila asubuhi Bwana Mawingu alijiuliza maswali yale yale kabla ya kutuma. Ni nini? Wapi? Lini? Nani afanye nini? Wakati mwingine alisahau, akaanza kwa salamu. Mke wake alikagua kutoka nyuma na kumwambia, "Mzee wangu, adabu imerudi kwenye muhtasari," naye akafuta. Wengine walianza kumwandikia. Dobi mmoja alisema sasa anajua siku ya kufua mablanketi. Mwalimu mmoja alisema anaandika vichwa vyake ubaoni na wanafunzi wanajifunza kutaja saa. Mtu mmoja alilalamika kwamba sasa hafungui makala, anasoma vichwa tu. Bwana Mawingu alimjibu: "Hakuna ubaya, ndugu yangu."

Shemeji naye alikuwa amerudi uwanjani. Alikanda udongo upya. Alijaza kibao upya. Matofali yalianza kurudi, safu baada ya safu. Bwana Mawingu hakumuuliza kama anasoma blogu. Aliona haya.

*

Siku ya Jumanne, mwezi wa pili tangu mvua ile, mawingu yalisimama tena upande wa mlimani. Kituo kilitangaza mvua kubwa. Saa moja asubuhi Bwana Mawingu alituma: "Leo saa nane mchana: mvua kubwa upande wa mlimani". Chini yake: "Wenye matofali mabichi na nafaka nje wafunike kabla ya saa saba. Kituo na mawingu vinakubaliana."

Uwanjani, shemeji alikuwa amejaa udongo mikononi. Simu ilikuwa juu ya jiwe. Kioo kiliwaka. Aliinama, akasoma bila kuigusa. Akanyanyuka.

"Leteni maturubai!" aliwaita wenzake wawili. "Yote!"

Walifunika matofali elfu tatu na zaidi. Walikandamiza pembe kwa mawe. Saa saba walikuwa wamemaliza. Wakakaa wakangoja.

Saa nane ikafika. Hakuna mvua. Saa tisa. Hakuna mvua. Jua lilitoka kabisa.

Nyumbani, Bwana Mawingu alikuwa juu ya paa, jasho likimtoka. Upepo ulikuwa umegeuka. Mawingu yalikuwa yamesimama pale pale mlimani, kama watu waliofika mlangoni wakasahau walichokuja kufanya.

"Umewadanganya watu leo," mke wake alimtania kutoka chini. Lakini alipoona uso wake, aliacha utani, akapanda. "Sasa utafanya nini?"

"Nitawaambia ukweli. Kwamba imechelewa, na kwamba bado ipo."

Alishuka. Saa tisa na nusu alituma: "Marekebisho, saa tisa na nusu: mvua ya mlimani imechelewa, bado inakuja. Msifunue." Katika muhtasari aliandika: "Asubuhi nilisema saa nane. Nilikosea saa. Upepo umegeuka, lakini mawingu hayajaondoka. Itegemeeni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni."

Uwanjani mfanyakazi mmoja alikuwa tayari ameondoa mawe mawili. "Dada, tunapoteza jua bure," alisema. "Matofali yanapikika humo chini kama mtu kwenye blanketi. Tufunue."

Shemeji alishika pembe ya turubai. Hapo simu ikawaka. Alisoma. Alitazama jua, lilikuwa kali. Alitazama tena maneno. *Nilikosea saa.* Mtu anayekiri kosa lake saa hiyo hiyo, alifikiri, huyo anaweza kuaminiwa kwa lililobaki.

"Rudisha mawe," alisema.

"Lakini jua..."

"Rudisha mawe, ndugu yangu."

Saa kumi na nusu ukungu wa mvua ulishuka mlimani. Ulikuja kimya kwanza, harufu tu ya udongo uliolowa mahali pengine. Kisha matone makubwa yakaanza kupiga maturubai.

Bwana Mawingu aliiona mvua kwa mbali, akakimbilia simu.

"Shemeji! Umefunika?"

"Nimefunika!" Sauti ya mvua ilikuwa kubwa hadi ilibidi apige kelele. "Hakuna hata moja lililolowa! Niko bandani!"

"Ulisoma makala? Ile ya asubuhi?"

"Kusema kweli, shemeji, sijaifungua. Wala hii ya pili. Nilisoma pale juu tu."

Bwana Mawingu alicheka. Alicheka hadi mke wake akaja kumtazama. Mtu huyu aliyekuwa akihesabu wasomaji wake kila jioni alikuwa akicheka kwa furaha kwamba hajasomwa.

"Vizuri sana," alisema. "Vizuri kabisa. Basi pumzika."

Simu ilikatika. Bandani, shemeji alikaa juu ya rundo la magunia. Wenzake walikuwa wamejiegemeza ukutani, macho wameyafumba. Mvua iliujaza uwanja wote mwanga wa kijivu, na maturubai yaling'aa kama migongo ya wanyama wakubwa waliolala. Hapakuwa na la kufanya. Mikono yake ilikuwa imekauka. Aligusa kichwa cha makala ya asubuhi, ikafunguka.

*Habari za asubuhi wapenzi wasomaji wangu,* ilianza, *natumaini mmeamka salama ninyi na watoto wenu.*

"Tumeamka salama, shemeji," alijibu kwa sauti ndogo, na akaendelea kusoma, polepole, hadi neno la mwisho.